Baba Yako na Wafumaji wa Nellivayal

Mtaa wa Wafanyabiashara,
Manalpattinam.
Tarehe 11 mwezi wa Masi,
(kwa Wazungu ni Februari 1768)

Mpendwa mwanangu Varadan,

Pokea salamu zangu mimi baba yako mdogo Kuppaiya, na salamu za nyumba nzima. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ile homa uliyoitaja katika barua yako ya mwisho imeshakuacha. Mama yako anauliza kama huko Malaka mnapata mchele kama wetu au mnakula ule unaonata vidoleni. Mimi sijambo, isipokuwa magoti. Dada yako Tayamma hana ugonjwa wowote. Mama yako anakula kidogo, lakini anakula.

Najua kuna jina ulilolitafuta katika mistari hiyo ya juu na hukuliona. Kaa chini kwanza, mwanangu. Kama uko dukani mbele za watu, ikunje barua hii, utaisoma ukifika chumbani kwako.

Baba yako hatunaye tena. Alifariki tarehe kumi na moja ya mwezi wa Thai, asubuhi, juu ya mkeka wake, mama yako akiwa upande mmoja na mimi upande mwingine. Leo umetimia mwezi mmoja. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu hakukuwa na meli ya kuja huko, na kwa sababu barua hii nimeianza mara nne nikaichana.

Mabaharia watakuletea habari za kila namna. Wapo watakaokuambia kaka yangu Tiruvengadam aliwauza watu wake, na wapo watakaokuambia alikufa shujaa. Mimi nilikuwepo siku zote hizo, kwa hiyo afadhali uisikie kwangu kama ilivyokuwa.

Ilianza mwezi wa Avani, miezi sita iliyopita. Mvua ilikuwa imetunyima miaka miwili, pamba ikawa adimu, nyuzi zikapanda bei mpaka mfumaji akimaliza kitambaa anabaki na njaa ileile aliyoanza nayo. Kampuni ya Wazungu haikutaka kubadili bei yake ya kununulia nguo. Basi wafumaji wa Nellivayal walifungua vitanda vyao vya kufumia, wakavitia begani, wakachukua wake na watoto wakavuka mto hadi nchi ya mtawala mwingine. Tulipoamka kijiji kilikuwa na mbwa tu.

Meli ilikuwa inangoja nguo. Gavana wa Kampuni akamwita baba yako, dubashi na mkalimani wake, akamwambia avuke, awarudishe. Aliahidi kuwasikiliza yeye mwenyewe, na kwamba hakuna mtu atakayewagusa. Baba yako hakuyachukua maneno hayo kama mtu anavyochukua kikapu sokoni. Alimuuliza Gavana mara tatu, kwa namna tatu tofauti, na mimi nilikuwa mlangoni nikisikia, ingawa Kizungu changu unakijua. Mara zote tatu Gavana alisema ndiyo, na mara ya tatu alimshika mkono.

Tukavuka pamoja, mimi nimebeba sinia la tambuu, ile inayoliwa watu wakipeana ahadi. Machela yake na mwavuli wake aliviacha ukingoni, akatembea kwa miguu mpaka kwenye vibanda vyao. Walikuwa wamekaa tu, mikono mitupu. Unajua mfumaji asiye na uzi mkononi anavyokuwa, hajui vidole aviweke wapi. Mkubwa wao alikuwa Mzee Sadaiyan, yule aliyefuma nguo ya ndoa ya mama yako.

Sadaiyan alimtazama baba yako kuanzia kilemba mpaka viatu, akasema, "Dubashi, wewe una midomo miwili. Leo umetujia na upi?"

Watu wakacheka. Baba yako naye akacheka, maana alimpenda mzee yule kwa ulimi wake. Akamjibu kuwa mdomo wa Kizungu ameuacha ng'ambo, haujui kuogelea.

Waliongea tangu jua likiwa utosini mpaka lilipoanza kushuka. Baba yako aliwaeleza aliyoyasema Gavana, hakuongeza wala hakupunguza. Mwishowe Sadaiyan alichukua jani la tambuu kwenye sinia nililolishika, akalizungusha kwa kidole bila kulitia mdomoni.

"Nikila hii," akauliza, "nimekula ya Gavana au yako?"

"Yangu," baba yako akasema. "Atakayewagusa ninyi amenigusa mimi na watoto wangu."

Alikutaja na wewe hapo, Varadan, kwa jina. Miaka sita hakuwa amelitamka jina lako mbele yangu. Sadaiyan akala. Baada yake wakala wote, wanaume arobaini, mmoja mmoja, na sinia likanipungukia mikononi.

Walirudi siku ya tatu. Waliingia ngomeni kwa lango kubwa, wamevaa nguo safi, kama watu waendao harusini. Lango likafungwa nyuma yao. Askari walikuwa wamejificha katika ghala la nguo. Kufumba na kufumbua, watu wale walikuwa wamefungwa kamba, na Gavana akatoka barazani akiwa na karatasi.

Nilitamani niruke sehemu inayofuata. Gavana alisoma, na baba yako akasimama pale anaposimama siku zote, hatua moja nyuma ya kiti, mkono wa kushoto. Karatasi ilisema kwamba wafumaji wamevunja mkataba, kwamba watafuma kwa bei ileile askari wakiwa mlangoni, na kwamba mkubwa wao atachapwa viboko kumi na viwili ili wengine wapate akili. Baba yako aligeuka akamsemesha Gavana kwa sauti ya chini. Gavana hakumtazama, alirudia sentensi ileile. Baba yako akasema tena. Gavana akairudia tena.

Ndipo akatafsiri. Sitakuficha, mwanangu, alitafsiri. Alitafsiri mpaka neno la mwisho, kwa sauti yake ileile nzuri unayoikumbuka, na watu arobaini wakamtazama yeye, si Gavana. Jioni hiyo nilimuuliza kwa nini hakunyamaza. Akaniambia mdomo ulikwenda wenyewe, kama ng'ombe anayeijua njia ya kisimani.

Sadaiyan alikufa siku ya nne baada ya viboko hivyo. Alikuwa mtu wa miaka zaidi ya sitini.

Wiki hiyohiyo, asubuhi, mama yako alitoka kuchora mapambo kwa unga wa mchele mbele ya mlango kama kawaida yake, akakuta majani ya tambuu yamepangwa kizingitini. Tuliyahesabu. Yalikuwa arobaini, mabichi, kila moja limekunjwa na popoo yake ndani. Walikuwa wameturudishia. Mama yako hakuthubutu kuyaruka wala kuyafagia. Baba yako alitoka, akayaokota mwenyewe kwa mikono, akaenda nayo uani. Aliyapeleka wapi sijui, sikumuuliza.

Tangu siku hiyo mtaa ulitupa kisogo. Kinyozi akawa anaumwa kila tukimwita. Mama muuza maziwa akapita mlango wetu kama ukuta. Ile familia iliyomchumbia Tayamma ilirudisha nazi na manjano ya uchumba kupitia kwa mtumishi, bila hata salamu. Tayamma alilia siku moja tu, kisha akaniambia, "Baba mdogo, afadhali. Yule bwana alikuwa anatafuna kwa kelele." Nilicheka, halafu nikaenda uani nisionekane.

Baba yako alikwenda Nellivayal peke yake, kumwona mjane wa Sadaiyan, Mama Sellayi. Alinisimulia mwenyewe. Alimkuta anasokota uzi, askari wa Kampuni amekaa kwenye kizingiti chake anamenya karanga. Baba yako akaanza kueleza kwamba Gavana alimdanganya yeye pia, kwamba alimuuliza mara tatu. Yule mama hakuacha kusokota.

"Bwana, Mzungu hakumdanganya mume wangu," akasema. "Mume wangu hajamwamini Mzungu hata siku moja. Alikuamini wewe."

Baba yako alirudi kwa miguu. Hakuipanda tena machela tangu siku hiyo, na wachukuzi wake wakawa wanaibeba tupu nyuma yake, watu wakicheka barabarani.

Ikafika sikukuu ya mwaka mpya wa Wazungu, ile siku ambayo wafanyabiashara wote huenda kumpa Gavana malimau na mashada ya maua. Watu walijaa ukumbini, wakubwa wa kila mtaa, na wafumaji wachache walioletwa kuonyesha kwamba sasa kuna amani. Gavana alikuwa amemwandalia baba yako zawadi, shali nyekundu ya nyuzi za dhahabu, kwa utumishi wa miaka ishirini na miwili. Akamfunika nayo mabegani kwa mkono wake, akasema maneno marefu ya kumsifu, kisha akamwamuru awatafsirie watu.

Baba yako aliwageukia watu. Halafu akaivua ile shali, akaikunja vizuri kama anavyokunja nguo ya kupeleka melini, akaiweka kwenye kiti. Akasema kwa lugha yetu:

"Maneno ya siku ile yalikuwa ya Gavana, lakini kiapo kilikuwa changu, na Sadaiyan amekufa kwa kiapo changu. Kuanzia leo, mtu asimwamini dubashi yeyote atakayetoka katika nyumba yangu."

Kisha, kwa kuwa alikuwa amezoea, akamgeukia Gavana na kumtafsiria yote kwa Kizungu, taratibu, hakuacha kitu.

Walimshika palepale. Walisema ni kwa usalama wake. Walimweka ndani ya ngome, katika chumba cha chini wanachotunzia kamba za meli, ambako maji hutoka ukutani hata kiangazi. Nilikwenda kila siku na chakula. Siku nyingine walinipokelea, siku nyingine mlinzi alikula yeye mbele yangu. Pongal, sikukuu ya mavuno, ilitukuta baba yako yumo humo. Mama yako hakubandika chungu. Mtaa mzima ulinuka wali mpya na sukari guru, sisi tukala uji wa jana.

Siku ya kumi na mbili walimtoa, kwa sababu daktari wao aliwaambia afadhali akafie nyumbani. Alikuwa mwepesi, Varadan. Nilimbeba mwenyewe kutoka langoni, mimi na magoti yangu haya.

Alikaa nasi siku nane. Homa ilikuwa imemchanganya. Kila tulichosema alikitafsiri. Mama yako akisema "kunywa maji", yeye alimgeukia mtu asiyekuwepo, mkono wa kulia wa mkeka, akamwambia kwa Kizungu kwamba mwanamke huyu anaomba ninywe maji, kisha akangoja ruhusa. Hewa isipomjibu, hanywi. Ikabidi mimi nikae upande ule, na kwa Kizungu changu kile cha kuchekesha nimjibu, "Ndiyo, anywe." Ndipo akanywa. Hivyo ndivyo tulivyomlisha mpaka mwisho.

Nilifikiria nisikuandikie hili linalofuata, lakini mama yako anasema ni lako. Siku moja kabla hajafa, alinyamaza kutwa, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa Gavana wake, akasema kwa adabu yote: "Bwana, mwanangu wa kiume anasema mimi ni ulimi wa kukodi."

Yalikuwa yale maneno yako ya siku uliyoondoka. Akanitazama, akingoja jibu aje akupe. Mimi nilitafuta neno, mwanangu. Nililitafuta kwa Kizungu nikalikosa, nikalitafuta kwa lugha yetu nikalikosa. Akangoja, akangoja, mpaka usingizi ukamchukua. Kulipokucha alikuwa amekwenda.

Usijibebeshe. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, na kijana wa umri huo husema. Yeye mwenyewe nadhani alikusamehe siku ileile, ila alikuwa mtu aliyejua kusema ya watu wote isipokuwa yake.

Mazishi yalikuwa madogo. Kutoka mtaani walikuja watu watano, na wawili kati yao walitazama nyuma njia nzima kuona nani anawaona. Mkufu wa ndoa wa mama yako waliukata wanawake wa kwa dada yangu, kwa sababu majirani hawakuja. Moto wa kuni za kumchomea niliushika mimi. Ilikuwa haki yako, nami niliushika nikilitaja jina lako, sijui kama inakubalika, mwombee baba mdogo wako. Tulipopita naye njia panda ya Nellivayal, Mama Sellayi alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara. Hakusogea wala hakulia. Tulipokwisha kupita aligeuka akarudi kwake. Nimemfikiria sana tangu hapo na sijui alikuja kuona nini.

Sasa kuna jambo moja ambalo nimelizungukazunguka tangu mwanzo wa barua, na karatasi inaniishia.

Dubashi wa Kampuni sasa ni mimi.

Nyumba hii, kama unavyojua, ni ya Kampuni, tumekaa ndani yake kwa sababu ya kazi ya baba yako. Siku ya kumi na tatu tulipomaliza taratibu za msiba, Gavana aliniita. Alisema ama mtu wa familia anashika kazi, ama tunatoka kabla ya mwezi mpya, mama yako na Tayamma na sisi wote. Tungekwenda wapi? Nani katika pwani hii angetufungulia mlango? Nilimwomba siku moja ya kufikiri. Sikuihitaji. Nilikaa tu siku nzima nikiutazama mkeka wa kaka yangu, na asubuhi nikaenda nikasema ndiyo. Nilipomwambia mama yako alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Aliendelea kuchambua, akachambua mpaka ulikuwa hauna tena kitu cha kutoa.

Juma lililopita walinituma Nellivayal. Niliwasomea wafumaji amri ya Gavana, nikakosea maneno mawili matatu. Msichana mmoja akacheka, si kwa ubaya, nadhani ni kwa namna nilivyokivaa kilemba. Niliwaambia Gavana anaahidi nyuzi kwa wakati, na nikaona wazi katika nyuso zao kwamba hawaniamini hata kidogo. Mwanangu, hilo ndilo jambo pekee linalonifanya nipate usingizi.

Mama yako amenisisitizia nikuandikie kwamba urudi nyumbani, ushike nafasi ya baba yako, uoe, nyumba ipate sauti. Gavana naye amekuulizia. Amesikia unazungumza Kizungu, Kimalayu na lugha nyingine huko, na anasema mtoto wa Tiruvengadam atapokelewa vizuri. Haya, nimeandika, na nikimaliza nitamsomea mama yako sehemu hii tu.

Haya mengine ni yangu mimi. Usirudi. Uza nguo za watu huko Malaka, beba magunia ukilazimika, oa mke anayekula wali unaonata. Mimi sina mtoto. Nikifa, Kampuni italazimika kutafuta mdomo katika nyumba nyingine, na kwetu itakuwa imekwisha. Nitawatunza mama yako na Tayamma kwa muda nilio nao. Tayamma anajifunza kusoma, mimi namfundisha. Amepata herufi zote.

Ukishaisoma barua hii, nenda kwenye maji yoyote yanayotembea, uelekee kusini, umwagie baba yako maji na ufuta kwa mkono wa kulia, ukitaja jina lake, la babu yako na la baba wa babu yako. Hilo haliwezi kufanywa na mimi. Mtoto wake ni wewe.

Nisalimie yule bwana mwenye duka na mkewe wanaokutunza, na Gopalu wa mtaa wetu kama bado mko pamoja, mwambie mama yake hajambo na amepata meno ya pembe. Shangazi yako Rukkumani anakusalimu. Tayamma anakusalimu, na nyuma ya karatasi hii ameandika jina lako kwa mkono wake mwenyewe, ndiyo maana limepinda. Mama yako anakuwekea mkono kichwani kutoka mbali.

Mungu akulinde usiku na mchana, akupe miaka ambayo baba yako hakuipata, na watoto wakuite baba kwa lugha yoyote watakayozaliwa nayo.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye na kukuomba ubaki ulipo,

Kuppaiya